Mkeka wa Kubebewa

Siku ile niliamka nimechoka. Sikuchoka kwa kazi, nilichoka kwa mama. Mtu hasemi hivyo, najua, na nyinyi mtanitazama kwa jicho baya, lakini kila aliyeuguza mzazi peke yake anaelewa, na asiyeelewa aombe asielewe. Mama yangu, Mwanahamisi binti Shee wa Kilelengwani, alikuwa haoni vizuri, miguu imevimba, usingizi umemkimbia, na ulimi wake mzima kabisa, alhamdulillahi. Ulimi ule ndio ulionifanya nitamani nitangulie mimi, nipumzike.

Tulikaa Garsen, karibu na kivuko, katika nyumba ya udongo aliyoniachia marehemu mume wangu. Asubuhi niko shambani kando ya mto nafukuza ndege kwenye mpunga, nikirudi nachota maji, napika, namgeuza mama, namkanda miguu, na nikipata upenyo nakaa kumshonea mikeka. Yeye husuka, mimi hushona. Ndivyo kazi ilivyogawanyika tangu macho yake yaingie ukungu. Husuka miyaa, yale majani ya mkoma, kuwa mikanda mirefu tunayoiita kili, mmoja ukili, na kusuka hakutaki macho, vidole vyake vinajua njia. Kushona ndiko kunakotaka jicho. Kili zinalazwa ubavu kwa ubavu, zinaunganishwa kwa sindano, na uzi usionekane popote. Ukionekana, huo si mkeka, ni gunia. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Nikimaliza, anapitisha kidole kwenye mshono wote, toka huku mpaka huku. Kisha anasema, "Fumua."

Nafumua. Nashona tena. Anapitisha kidole. "Fumua." Wapita njia walikuwa wakinicheka: "Mwanaarusi, bado unafumua tu?" Nami nikiwajibu maneno ambayo hapa siwezi kuyarudia.

Basi mwaka ule, nadhani ni hamsini na sita, akaja Mzungu mmoja, mwanamke mrefu aliyeungua pua kwa jua, jina lake Misi Wotoni. Alikuwa anatafuta kazi za mikono za watu wa mto ili azipeleke Mombasa kwenye maonyesho. Zingetundikwa ukutani katika ukumbi, watu waingie na viatu vyao safi, watembee polepole wakitazama, kisha watoke. Hakuna kukalia, hakuna kugusa. Aliyenieleza hayo ni Tahir, karani aliyekuwa mkalimani wake, kijana wa Kipini mwenye adabu zake.

"Mkeka usiokaliwa una faida gani?" nikamuuliza.

"Dada, hata mimi sijui. Lakini anataka kuwaona wanaofanya kazi wenyewe. Ana maswali yake."

Mama alikuwa ndani, anasikia kila neno. Akainuka kitandani kabla sijawahi kumshika.

"Tutakwenda," akasema.

"Na miguu hiyo?"

"Miguu itakuja nyuma."

Asubuhi yake nikakuta mzigo umeshafungwa kamba, mikeka miwili, mmoja umekunjwa ndani ya mwingine. Alikuwa ameufunga mwenyewe. Sikuuliza. Ningeuliza ningeitwa mbishi, na siku hiyo sikuwa na nguvu ya kubisha. Nikautia kichwani, nikamshika mama mkono, tukaenda mwendo wa kobe mpaka nyumba ya wageni wa serikali. Kila kidogo anasimama, anahema, ananilaumu kwamba nakimbia.

Barazani tulikuta watu wawili wametutangulia. Mmoja ni Mzee Kuno, Mpokomo, mchonga ngoma na mitumbwi, mtu mnene wa sauti ndogo. Wa pili ni Darmi, mwanamke wa Kiorma aliyesuka vile vyombo vya maziwa vya mizizi, vinavyonukia moshi. Lori la Misi Wotoni lilikuwa limesimama kivulini, linapakiwa. Lilitakiwa livuke mto adhuhuri, lishike njia ya Malindi.

Misi Wotoni akakaa chini pamoja na sisi, jambo ambalo sikulitarajia. Akaanza na Mzee Kuno.

"Anauliza," Tahir akasema, "ukitaka kuchonga ngoma, wazo lake linatoka wapi?"

Mzee Kuno akalifikiria kweli kweli. "Mwambie linatoka kwa watu wa harusi. Wakija kuniagiza, nachonga. Wasipokuja, nalala usingizi wangu sina wazo lolote."

Tukacheka. Misi akacheka naye alipofasiriwa, lakini hakuliacha swali lake. Akauliza tena, na akiwa anachonga, inakuwaje? Mzee Kuno akajikuna shingo.

"Hapo ni shida," akasema. "Nikiwa nachonga nanuna. Mke wangu hanisemeshi, wajukuu hawanikaribii. Sijui kwa nini. Si hasira, ila sitaki mtu. Ngoma ikishawambwa ngozi, ndiyo naona njaa, naona watu, naanza kuuliza nani kafa, nani kazaa."

Misi Wotoni akatikisa kichwa kama aliyesikia habari za nyumbani kwake. Akamgeukia Darmi. Darmi Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini hakuwa na haya nacho.

"Mimi nasuka hasira," akasema. Akanyanyua chombo kimoja. "Bwana yangu alileta bibi ya pili. Mimi hapana sema kitu. Mimi nakaa chini, nasuka hii. Nakaza, nakaza. Tia maji, tia maziwa, hapana toka hata moja." Akakigonga kwa kidole. "Hii nyingine hapana hasira sana. Hii navuja kidogo."

Mzee Kuno alicheka mpaka akakohoa. Hata mama alicheka, na mama kumchekesha si kazi ndogo. Tahir ndiye aliyepata taabu ya kufasiri akiwa ameona haya.

Ikafika zamu yetu. "Fungua mzigo," mama akaniambia.

Nikafungua kamba. Mkeka wa nje ulikuwa mmoja wa ile yetu ya kawaida, mwekundu kwa mweusi, rangi ya dukani. Nikaukunjua. Ndani yake ukatoka ule mwingine.

Ulikuwa mkeka wake wa kubebewa.

Niwaeleze, maana si kila nyumba ina mambo haya. Kwetu sisi, tangu kwa bibi yetu, kila mwanamke anajisukia mwenyewe mkeka atakaotandikiwa jenezani. Anausuka taratibu, miaka na miaka, na anaushona mwenyewe. Isipokuwa ukili wa mwisho. Huo unaushikiza upande mmoja tu, unauacha unaning'inia. Siku yako ikifika, binti yako ndiye anayeufunga kwa sindano, maiti ikiwa bado inaoshwa. Haufungwi kabla. Bibi alisema mkeka uliofungwa unamwita mwenyewe, na bibi hakuwa mtu wa mzaha. Mkeka huo hautolewi mbele ya wageni, hautandikwi, hauanikwi juani. Mimi mwenyewe niliwahi kuuona ncha tu, kule darini, nikapigwa kofi.

Na leo umelala sakafuni mbele ya Mzungu!

"Mama," nikamnong'oneza, "umefanya nini?"

"Nyamaza, watu wanatazama kazi."

Na kweli walikuwa wanatazama. Darmi alisogea akachutama. Mzee Kuno aliacha kukohoa. Haukuwa na rangi ya dukani hata kidogo, weupe wa miyaa na weusi wa matope ya mto tu, na kili zake nyembamba kama kidole cha mtoto. Mishono sikuiona. Nimeshona mikeka maisha yangu yote, na siku ile niliinama nikaitafuta mishono, sikuiona.

Misi Wotoni aliinama juu yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na Tahir naye akafasiri kwa sauti ya chini: alilichaguaje pambo lake, maana kila ukili una sura yake?

"Mwambie sikuchagua," mama akasema. Akashuka sakafuni kwa magoti, akaanza kupapasa. "Huu ni wa mwaka aliokufa mume wangu. Vidole vilikuwa vizito, ndiyo maana umebana hivi. Huu ni wa mwaka wa mafuriko, tulipohama Kilelengwani. Miyaa ililowa ikaingia madoa, nikasema yakae. Huu hapa niliusuka nina homa, usiuangalie sana. Na huu ni wa huyu," akaninyooshea kidevu, "alipokataa kunyonya. Nilidhani atakufa. Nilisuka usiku kucha ili nisimtazame."

Wivu ulinipanda, nasema kweli. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nizaliwe. Nimemuosha, nimemlisha, nimemfumulia mikeka mpaka vidole vikatoka damu, na sikuambiwa hata moja la hayo. Kaja mgeni wa watu, kauliza mara moja, kapewa yote.

Misi akaugusa ule ukili wa mwisho uliokuwa unaning'inia. Akauliza mbona uko wazi.

"Unafungwa sasa hivi," mama akasema, "kisha atauchukua."

"Haufungwi!" Nilipiga kelele mpaka wapakiaji wa lori wakageuka. "Tahir, mwambie huyo bibi huu ni mkeka wa maiti. Mwambie ukifungwa mama yangu anakufa. Mwambie!"

Tahir akamwambia. Misi Wotoni akaondoa mkono kwenye mkeka haraka, uso ukamwiva. Akasema samahani, hakujua, atachukua ule mwekundu, na ule mwekundu nao ni mzuri sana.

Basi nikadhani yamekwisha. Lakini mama akavimba.

"Nani kamwomba huruma? Mwekundu, mwekundu! Mwekundu kila nyumba ya Garsen inao, kuku wanautagia mayai." Akageuza uso kunitafuta, akanikosa, akazungumza na nguzo ya baraza. "Sikiliza, Mwanaarusi. Huu nimeanza kuusuka sina mvi. Siku ya kunibeba atautazama nani? Wanaume watautandika mbiombio, wataniweka juu yake, basi, umeshafunikwa. Huyu analia, huyu anafikiria ng'ombe wake. Mimi nataka utazamwe. Nataka watu watembee polepole na hivyo viatu vyao safi, wautazame, wasiukalie. Kisha urudi nyumbani."

"Na ukifa haujarudi?"

"Nitabebwa kwa mkeka wa jirani," mama akasema. "Sitaona aibu, nitakuwa nimekufa."

Misi Wotoni akamuuliza Tahir tunasema nini. Alipoambiwa, akafikiri, akasema jambo ambalo lilinifanya nimpende ghafla: hana haja ufungwe. Atauchukua vilevile, wazi, na ukili wake unaning'inia. Watu watauona hivyo.

"Umesikia?" nikamshika mama bega. "Anauchukua hivyo hivyo! Wewe utazamiwe mkeka wako, na mimi nikae na mama yangu. Kila mtu amepata lake."

"Kazi haijaisha haionyeshwi watu," mama akasema. "Mzee Kuno! Wewe unaweza kumpa mtu ngoma haijawambwa?"

Nilimtazama Mzee Kuno kwa macho ya kumwomba. Akayakwepa, akatazama miguu yake. "Haitoki," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Samahani, mwanangu. Haitoki hiyo."

"Darmi?"

"Mimi hapana toa," Darmi akasema, na machozi yanamlenga.

Wakanigeuka wote wawili. Na mbaya zaidi, nilijua hawasemi kwa kumpendeza mama.

Mama akafungua fundo la leso yake, akatoa sindano, uzi umeshatiwa, sijui na nani. Alijitayarisha tangu nyumbani, mama huyu! Akaulaza ule ukili mahali pake, akautafuta ukingo kwa kidole gumba, akachoma. Akakosa. Akachoma tena, sindano ikamwingia yeye. Alijaribu na kujaribu, na sisi tunatazama, mpaka sindano ikamponyoka ikaanguka kwenye ufa wa sakafu. Darmi akaiokota akampa. Mama hakuichoma tena. Akainyoosha hewani, upande niliokuwapo.

"Shona."

"Sishoni."

"Mwanaarusi."

"Mama, sishoni. Nifukuze, nilaani, sishoni."

"Nimechoka, mwanangu."

Mama alikuwa akilalamika kutwa. Chumvi imezidi, kuku wanapiga kelele, maji yana mchanga, mimi sina akili. Lakini neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata alipomzika baba, hata tulipohama na maji yanatufika magotini. Niliposikia, hasira zote zikaniisha, nikabaki na uchovu wangu mtupu.

"Na mimi nimechoka, mama," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nataka tuumalize leo, tukiwa wawili."

Nikaichukua sindano.

Wakati naitia kwenye ukingo ndipo nikapata akili. Nitashona vibaya. Nitashona ovyo kuliko mtoto anayejifunza, mama apitishe kidole, aseme fumua. Nitafumua, nitashona vibaya tena, atasema tena fumua, na tutakwenda hivyo mpaka adhuhuri ipite, lori livuke, Misi aende zake na ule mwekundu. Mama yangu hajawahi katika maisha yake kuupitisha mshono mbaya. Mimi ndiye shahidi, vidole vyangu ndivyo shahidi. Nikajisikia mwepesi kidogo, hata nikataka kucheka.

Nikashona. Yarabi, nilishona! Uzi nje kabisa, kuku angeuona. Hapa ukili umepanda juu ya mwenzake, hapa umeacha tundu la kupita mjusi. Hatua moja ya sindano ndefu, inayofuata fupi. Darmi aliona, akanikodolea macho, kisha akaangalia pembeni. Mzee Kuno akakohoa kikohozi kisicho na makohozi. Tahir na Misi wao hawakujua kitu, walidhani ndivyo kunavyoshonwa. Nikafika mwisho, nikapiga fundo baya kubwa, nikakata uzi kwa meno.

"Tayari, mama."

Nikaushika mkono wake nikauweka mwanzo wa mshono. Akaanza kuupitisha.

Kidole kilifika mahali pa kwanza pabaya, kikasimama. Nikasubiri. Kikaendelea. Kikafika kwenye tundu, kikaingia ndani, kikazunguka, kikatoka. Kila mahali pabaya kilisimama, kila mahali, hakikuruka hata tundu moja. Mimi sindano iko mkononi, nimeshaishika kwa kufumulia. Nilikuwa nimeshatayarisha hata manung'uniko yangu ya kila siku, ati mama huridhiki, ati utaniua.

Kidole kikafika kwenye fundo. Akalipapasa lile fundo muda mrefu. Kisha akautafuta mkono wangu, akanitoa sindano vidoleni, akaichomeka katika fundo la leso yake.

"Mshono mzuri," akasema. "Mpe Misi."

"Mama, haukunyooka. Pitisha tena."

"Nimepitisha."

"Mama, una matundu. Uzi uko nje. Mama, sema nifumue."

"Uache," akasema taratibu, kama anayenibembeleza nilale. "Umeshona vizuri. Umekwisha."

Misi Wotoni alikuwa amepiga magoti karibu yetu. Aliona kwamba kuna jambo, ila hakulijua, maskini, na hakuwa na kosa lolote. Akamwuliza Tahir swali lake la mwisho, na Tahir akafasiri.

"Bibi, anauliza, unajuaje kwamba sasa kazi imekwisha?"

Mama alikuwa ameshaegemea nguzo, amefumba macho. "Amuulize mwanangu," akasema. "Yeye ndiye aliyemaliza."

Wote wakanitazama. Nikaukunja mkeka, nikampa yule Mzungu mikononi badala ya jibu. Nililia pale barazani mbele ya watu wote, kichwa mapajani mwa mama, naye akanipapasa mgongo mpaka lori likaondoka na mkeka.